Mtani Aliyetolewa Kaburini

Dodoma, Jumapili, 20 Novemba 1994. Upepo tangu alfajiri. Vumbi limeingia hadi kwenye shuka, na mvua bado.

Huu ni mwaka wa ishirini na nne tangu niondoke Ifakara. Nimeihesabu miaka hiyo leo kanisani, wakati padri anahubiri, badala ya kumsikiliza. Nilirudi kutoka huko wiki iliyopita na sijaandika neno hata moja, kwa sababu kila nikishika kalamu naiweka chini. Leo nitaandika. Nitajaribu kwenda taratibu, maana hasira hunifanya niruke mambo.

Nianze na sababu ya kuondoka kwangu, ili nijikumbushe kwamba mimi si mtu wa kushangazwa na siasa. Mwaka 1970 nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo pale mjini. Siku ya kupiga kura ya Rais, msimamizi alipita kwenye foleni akitufundisha namna ya kuweka alama kwenye Ndiyo. Nikamuuliza, watu wakisikia, na Hapana inawekwaje. Foleni nzima ilicheka. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimehamishiwa huku kwenye upepo. Hakuna aliyenitukana wala kunigusa. Niliambiwa tu kwamba nahitajika zaidi kwingine.

Nimestaafu huku. Nimezeeka huku.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka juzi, nilifurahi kama mjinga. Nilinunua nakala ya Katiba na nikaisoma yote kwa penseli mkononi, kama nilivyozoea kusoma majalada. Kaka yangu Sebastian, aliyebaki kijijini kwetu Katindiuka, bondeni karibu na Ifakara, akilima mpunga, aliposikia nimestaafu alinikatia kipande cha shamba lake, kando ya nyumba yake, akazungushia ua wa minyaa. Alituma mtu aniambie nirudi nyumbani, uzee usinikute kwenye vumbi. Nikaanza kununua mabati, mawili mawili kila nilipopata pensheni.

Mwanzoni mwa Oktoba Sebastian alifariki. Nilisafiri kwenda kumzika, na pia, siwezi kuficha, kukiangalia kiwanja changu.

Nilikuta msiba na kampeni katika ua mmoja.

Mtoto wa marehemu, Deo, alikuwa anagombea udiwani. Namwandika hapa kwa haki, maana ni kijana niliyempenda. Yeye ndiye aliyewakusanya wakulima wa Katindiuka kuchimba mfereji wa kutoa maji ya mafuriko, akishika jembe mwenyewe, bila kuamriwa na ofisi yoyote. Watu walimwomba awe diwani wao. Walimwomba yeye, hawakuomba chama. Lakini sheria ikamwambia kwamba hawezi kusimama mpaka chama kimsimamishe. Chama tawala kilikuwa na mtu wake tayari. Deo akaingia katika kimoja cha hivi vipya, ambacho ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Nilipomuuliza sera zake akacheka. Akasema kwanza wapite, sera zitasomwa baadaye.

Mimi pia nilicheka. Niliona ni njia tu ya kupitia.

Siku ya mazishi ilikuja pikapu kutoka mjini na mwenyekiti wa chama chake, mtu mwenye suti, asiyekuwa na mizizi bondeni, na vijana wenye fulana. Walitandika bendera ya chama juu ya jeneza. Sebastian hakuwahi kuwa na kadi ya chama hicho. Sidhani kama aliwahi kulitamka jina lake. Shemeji Oresta, mjane, alinitazama, nikatazama chini, kwa sababu Deo ndiye mwenye msiba, na mgeni wa miaka ishirini na nne hana sauti katika ua wa watu. Mwenyekiti alipewa nafasi ya kusema machache. Alisema mengi. Marehemu alitajwa mara moja. Mgombea alitajwa kwa jina na kata mpaka watoto wakalijua jina la kata yetu.

Kisha Mapunda akaingia kaburini.

Sisi ni Wapogoro na Mapunda ni Mngoni. Alikuja bondeni ujanani kukata miwa katika mashamba ya sukari, na mgongo ulipochoka akashuka Katindiuka kulima. Wangoni ni watani wetu. Mababu zao waliwapiga mababu zetu, na katika vita hivyo ukabaki utani: Mngoni ana ruhusa ya kututukana mbele ya wakwe, ya kuingia jikoni na kubeba kuku, na katika msiba wetu ana kazi kubwa zaidi. Hushuka kaburini kabla ya jeneza na kukataa kutoka. Humwigiza marehemu, huwasema wafiwa, husema yale ambayo sisi wenyewe tungeoneana haya kuyasema. Tunacheka huku tunalia. Kisha tunamkomboa kwa kuku, anatoka, na ndipo maiti huzikwa. Hivyo ndivyo alivyozikwa baba, na baba yake.

Mapunda alijilaza chali, akavaa kofia yake kinyume, halafu akainuka na kuanza kwa sauti ile ile ya mwenyekiti, kama ya kipaza sauti.

“Ndugu wananchi wa kuzimu! Nimekuja kuomba kura. Najua mmechoka na safari. Mkinichagua nitawaletea barabara. Barabara yenyewe mmeiona: ya kuja ipo, ya kurudi bado tunatafuta wafadhili.”

Kina mama waliokuwa wanalia walianza kutikisika mabega. Akaligeukia jeneza.

“Na wewe Sebastian, mtumwa wangu, unataka kuingia huku? Kadi yako ya chama gani? Huna? Basi hamna nafasi, rudi kalime. Kaburi hili la wanachama.”

Hapo kila mtu alicheka. Shemeji Oresta alicheka mpaka akashikwa mkono. Hata mtu wa chama tawala, mwenyekiti wa tawi aliyekuja kuzika kama jirani, alicheka, ingawa barabara ile ni ahadi yao. Niliwaza kwamba hii ndiyo nchi ninayoijua, ambamo mtu asiye na cheo anasimama ndani ya shimo na kuwaambia wakubwa wote ukweli, nao wanalazimika kumlipa kuku.

Mwenyekiti mwenye suti hakucheka. Aliinama akamnong'oneza Deo. Deo aliitika kwa kichwa.

Vijana wawili wenye fulana wakaruka kaburini, wakamshika Mapunda mikono. Yeye alidhani ni sehemu ya mchezo. “Mnaninyanyua bure?” alisema. “Kuku yuko wapi, watumwa wangu?” Walimnyanyua. Aliendelea kutania mpaka walipompakia nyuma ya pikapu kati yao, ndipo akatuangalia.

Nasi tukamzika Sebastian.

Namlaumu mwenyekiti kidogo tu. Yeye ni mgeni, aliona mtu anamkejeli mgombea wake, akadhani ametumwa na wapinzani. Huko alikotoka pengine hawana watani, au wanao na wamewasahau. Lakini Deo amezaliwa pale. Mwaka maji yalipojaa hadi madirishani, Mapunda huyu huyu alimtoa majini amembeba mgongoni.

Alijua.

Asubuhi yake nilikwenda kituo cha polisi, walikompeleka. Afisa wa zamu alikuwa mtu wa heshima, akaniamkia, akaniambia Mapunda anashikiliwa kwa kuvuruga mkutano wa kampeni. Nilimwambia ule haukuwa mkutano, ulikuwa mazishi. Akaniuliza, bila kebehi: Je, palikuwa na bendera? Ilikuwapo. Msemaji wa chama? Alikuwapo. Mgombea alinadiwa? Alinadiwa. “Basi mzee,” akasema, “mlikuwa na mkutano.” Nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, nikamuuliza tu nani amelalamika. Aliyelalamika ni mgombea mwenyewe. Akifuta malalamiko, mtu anatoka.

Nikamrudia Deo. Alikuwa chini ya turubai la msiba, amevaa ile fulana yenye picha ya uso wake.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Nimetoka kituoni. Nenda ukaseme umesamehe.”

Alichora mchangani kwa kidole cha mguu, kama alivyokuwa akifanya utotoni. “Siwezi, baba mdogo. Mwenyekiti anasema nikifuta tutaonekana hatuna msimamo.”

“Mapunda alimtania baba yako. Si wewe.”

“Najua.”

“Kama unajua, mwenyekiti anaingiaje?”

“Wao ndio wamenisimamisha. Wakiniondolea udhamini leo, mimi si mgombea tena. Nabaki Deo tu.”

“Huyo Deo tu ndiye watu walimwomba.”

“Sheria haimjui huyo,” akasema.

Hakusema kwa kiburi. Ningependa angesema kwa kiburi, ningempiga kofi na kulala usingizi.

Jioni ile niliifungua ile nakala ya Katiba, niliyokuwa nimeibeba begini kama mtu anavyobeba picha ya mtoto. Sura ya haki imejaa maneno mazuri. Kila mtu yuko huru kutoa mawazo yake. Kila raia ana haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake. Ukiendelea kufungua unafika kwenye sifa za mgombea, na hapo unakuta kwamba lazima awe mwanachama na apendekezwe na chama. Mbunge akitoka katika chama chake, anapoteza kiti, hata kama waliompa kiti ni watu. Nilikuwa nimeipigia mstari kwa penseli sura ya haki. Hiyo ya sifa niliipita nikidhani ni ya kiofisi tu. Nasikia mwezi uliopita Mahakama Kuu imesema mtu anaweza kugombea bila chama. Nasikia pia muswada wa kuuzima uamuzi huo umekwisha kuandaliwa. Hivyo raia anashinda mahakamani, na sheria inabadilishwa ili kushinda kwake kusimfae kitu.

Zamani kilikuwa chama kimoja na wagombea wawili, mmoja kapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na wote wawili wamechujwa juu kabla hatujawaona. Sasa vyama ni vingi, na kila kimoja kinachuja chake. Mpiga kura anaambiwa yuko huru. Yuko huru kuchagua ni bwana gani amchagulie mtumishi wake.

Na wasinidanganye kwamba uchafu uko upande mmoja.

Siku ya tatu mwenyekiti wa tawi la chama tawala, yule aliyecheka makaburini, alikuja kunipa pole na akanivuta pembeni. Alisema wanaweza kumtoa Mapunda leo leo. Kuna mkubwa atapiga simu. Kinachotakiwa ni jambo dogo: Mapunda apande jukwaani kwao Jumamosi, avae kofia, apokee kadi, na arudie vile vichekesho vya kaburini, lakini aondoe kile cha barabara.

Nilimpelekea Mapunda mahabusu ujumbe huo pamoja na wali na kitoga, samaki anayempenda. Kosa langu lilikuwa kutumaini kwamba angekubali. Nilimkuta ameketi chini, amepungua, lakini ulimi ulikuwa mzima.

“Mpogoro wewe, mmenifungia huku ili msinipe kuku wangu.”

“Kula kwanza, mla panya,” nikamjibu; ndivyo nasi tunavyowatania Wangoni.

Alikula mpaka mwisho, akasikiliza ujumbe, akafuta mdomo.

“Waambie kadi ninayo. Ya kliniki ya macho.”

“Mapunda, watakuacha humu mpaka kura zipite.”

“Waniache. Nikipanda kwenye jukwaa lao, kesho nikimtania mtu ataniuliza nimetumwa na nani. Mtani hatumwi. Akitumwa ni kuwadi kama kuwadi mwingine.” Kisha akasema bila utani, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kutoka kwake: “Walinitoa kabla hamjanikomboa. Kaka yako mmemlaza vibaya.”

Niliondoka nikiwa na sahani tupu na aibu ya ukoo mzima.

Matanga tuliyamaliza bila yeye. Kwetu mtani ndiye humaliza: humchekesha mjane kwa mara ya kwanza, na tangu hapo mjane anaweza kwenda sokoni na kusalimiana na watu. Mwenyekiti mwenye suti alikuwa ameelezwa hivyo na akaona ni jambo rahisi kurekebisha. Akamleta kijana mmoja wa chama, mchekeshaji wa mikutano yao. Kijana akasimama mbele ya shemeji Oresta na kusema vichekesho kuhusu chama tawala. Vijana wenye fulana walicheka na kupiga makofi. Shemeji alikaa ameinamisha uso. Kijana akajaribu kingine, na kingine. Mwishowe mwenyekiti alisema “Amen,” na watu wakatawanyika.

Sijawahi kuona kitu kibaya kama hicho, na nimeona watu wakihukumiwa kifungo.

Kura zilipigwa. Sikuwa na haki ya kupiga kule, nilitazama tu. Watu walijipanga vizuri, kwa utulivu, na redio ilisifu utulivu huo. Mapunda hakupiga kura. Deo alishinda. Alinijia usiku, amechoka, na akasema sasa mambo yatanyooka, mfereji wa pili utachimbwa, na Mapunda atasahau. Nilimuuliza kama ataanza kuchimba mara moja, watu wakiwa bado na nguvu kabla ya mvua. Akasema itabidi kwanza chama kikae.

Siku iliyofuata Mapunda aliachiliwa. Hakuna kesi. Hakuna aliyempa maelezo.

Alikuja nyumbani kwa shemeji mchana. Kwa zaidi ya miaka ishirini, Mapunda hakuwahi kuingia ua ule bila kupiga kelele kwamba watumwa wake hawajafagia. Siku hiyo alisimama nje ya minyaa na kubisha hodi. Akangoja akaribishwe. Akaingia ameshika kofia mkononi, akaketi kwenye ukingo wa kigoda kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

“Shikamoo, mama,” akamwambia shemeji, ambaye ni mdogo kwake.

Akanigeukia mimi, ambaye tumelingana. “Shikamoo, mzee.”

Sikuitika. Nilijaribu kumchokoza. Nilimwambia ametoka mahabusu amenenepa, bila shaka panya wa mle ndani wamekwisha wote. Nilingoja. Shemeji pia alingoja, nilimwona ameacha kupeta mchele.

“Tunamshukuru Mungu, mzee,” alisema Mapunda. “Poleni sana na msiba.”

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamkamata jogoo mkubwa, nikamfunga miguu na kumletea. Alimtazama yule jogoo, akanishukuru, akasema abaki amfae mama. Alikaa kidogo, akaulizia mpunga, akaulizia safari yangu, akaaga vizuri. Alipotoka alirudishia lango. Lilikuwa wazi siku zote.

Shemeji Oresta, ambaye kaburini alicheka na kwenye matanga alinyamaza, alilia siku hiyo mpaka jua likazama.

Nimejiuliza katika basi njia nzima, Kidatu, Mikumi, Morogoro hadi hapa, kama nakuza jambo. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyekufa ila aliyekufa kwa ugonjwa. Deo atakuwa diwani wa afadhali kuliko yule mwingine. Mwakani tutachagua wabunge na Rais, na magazeti yatasema tumekomaa. Lakini bonde lile lilikuwa na mtu mmoja aliyeweza kusimama ndani ya shimo na kusema bila kuulizwa yeye ni wa nani. Sikuiona Katiba ikimlinda. Kilichokuwa kikimlinda ni sisi kucheka, nasi tulipoona fulana mbili zinaruka kaburini tuliacha kucheka wote kwa pamoja. Mimi nikiwamo.

Mabati nimemuuzia jirani leo baada ya misa. Kiwanja nimemwachia shemeji apande mihogo.

Sitarudi Ifakara.